Mzee Kiguu na Njia na Zile Siku Tisini

Mzee Kiguu na Njia, mtaalamu wa maabara wa kliniki yetu ya uzazi, anastaafu leo Jumanne baada ya miaka thelathini na moja kwenye darubini. Barua yake ya kustaafu ilisema mwisho ni Ijumaa iliyopita. Aligoma kuondoka, na sababu ni mimi, karani wa mapokezi.

Jina hilo halimwonei. Hata chai anakunywa amesimama. Zamani, akisubiri sampuli za mbegu za kiume, alikuwa akipitapita nje ya chumba ambamo wanaume huzitoa, mpaka wagonjwa wakalalamika kwamba kwa vishindo vile hakuna kinachowezekana humo ndani! Daktari mkuu akampiga marufuku kupita korido ile. Na mashine ya kutunza joto ilipoharibika, alibeba vichupa kwapani asubuhi nzima ili mbegu zisipoe, wala hakuona haya.

Mtu huyu asiyetulia ndiye aliyetufundisha kungoja. Miaka yake ya mwanzo alimpima seremala mmoja aliyekuwa akimeza vitamini C, vitamini E na zinki, antioksidanti zinazotumika kulinda mbegu zisiharibike. Wiki tatu tu tangu aanze! Akamwambia vidonge havijasaidia kitu. Seremala akavitupa, akakata tamaa, ndoa ikavunjika. Baadaye mzee akasoma kwamba mbegu huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Alimtafuta yule bwana, akamwomba radhi. Tangu hapo hampimi tena mtu wa vidonge kabla ya siku tisini, hata umlilie.

Mimi nimemlilia. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, mawifi wa mke wangu hawaishi kunong'ona, na siku yangu ya tisini ya kumeza vidonge hivyo hivyo iliangukia jana. Nilimsihi anipime Ijumaa, kabla hajaondoka. Akasema kosa moja linamtosha, akaenda kwa mkurugenzi kuomba aongezewe siku.

Jana alihesabu mara mbili. Mimi nje roho juu, kukaa siwezi, kusimama siwezi. Akatuita, mke wangu na mimi. Mbegu zinazoogelea vizuri zimepanda kutoka kumi na nane kwa mia, kabla ya vidonge, hadi ishirini na sita. Bado hazitoshi, akasema, na hawezi kuapa kama ni vidonge au ni sigara nilizoacha. Nilitaka aniambie nitakuwa baba. Hakuniambia. Alituandikia tarehe ya kumwona daktari, sote wawili.

Ahsante, mzee wetu, kwa ukweli wako usio na sukari. Wenzako wote tunakutakia maisha mema na afya tele. Nyumbani kwangu, jana tulikula chakula cha jioni bila kuulizana kosa ni la nani.