Verlin Amdahl na Shimo la Mguu wa Kushoto

Tarehe 30 Septemba, Verlin Amdahl ataweka reki chini baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza uwanja wa Kambare, timu yetu ya besiboli ya Cutler's Bend. Hakuomba hafla hii ya kumuaga. Alipoambiwa kutakuwa na keki aliuliza italiwa wapi, na alipojibiwa kwamba ni uwanjani, akasema basi sote tuvue viatu.

Alianza kama mkata nyasi wa muda, miezi mitatu ya kiangazi. Miezi ile haijaisha mpaka leo. Ameufunika uwanja kwa turubai mvua ikinyesha na, kwa kuwa hawaamini watabiri wa hali ya hewa, ameufunika mara nyingi jua likiwaka. Mwaka ambao mtu wetu anayevaa vazi la kambare alibingirika kwenye nyasi changa, Verlin alimfukuza kwa bomba la maji hadi kwenye maegesho, mapezi yakipepea. Watazamaji walishangilia kuliko walivyoishangilia mechi, ambamo kwa kweli tulikuwa tunapigwa vibaya.

Lakini huwezi kumtaja Verlin bila kumtaja Tobin Rademacher.

Tobin alitufikia mwaka jana akiwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa wafuga nguruwe wa Nebraska, mrushaji mwenye mkono wa kutisha. Tatizo ni kwamba siku nyingine mpira ulikwenda kwa mpigaji, siku nyingine ulikwenda kwa wauza soseji. Makocha walimrekodi video, wakachunguza kiwiko chake, usingizi wake na kifungua kinywa chake. Wapi! Mwezi Juni klabu ya ligi kuu inayotumiliki sisi wa ligi ndogo ikakata shauri: arushe mechi ya Jumapili, na akiharibu, Jumatatu arudi kwa nguruwe.

Verlin alikuwa anaujua ugonjwa huo tangu Mei. Baada ya kila mechi yeye ndiye anayefukia shimo ambalo mrushaji huchimba kwa mguu wa kushoto anapotua mbele ya tuta la kurushia. Tobin akirusha vizuri, shimo lilinyooka sawasawa na alipo mpigaji. Akiharibu, lilihama vidole vinne kulia. Verlin aliliona hilo akalinyamazia, kwa sababu kanuni yake ya siku zote ni kwamba wachezaji ni wa kocha, udongo ni wake.

Jumapili asubuhi kanuni ikamshinda. Alimkuta Tobin kwenye benchi, begi limeshafungwa. Mimi nilikuwa nabandika matangazo pale kando, nikasikia yote. Alimpeleka kwenye tuta, akachora mstari kwa ncha ya kiatu.

"Mwanangu, kanyaga hapa. Hapo kulia unapokanyaga siku mbaya, mimi ndiye ninayepafukia, na nimechoka."

Tobin akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Hukuniuliza, na mimi si kocha," akajibu, akaenda zake kumwagilia.

Jumapili hiyo hakuna mpigaji aliyevuka kituo cha kwanza. Begi likafunguliwa. Mwaka huu kijana ameshinda mechi kumi na moja, na mwanzoni mwa Agosti meneja wetu, Ruben Escalera, alimwita ofisini, akamkemea dakika tano nzima kwa kuacha soksi bafuni, kisha akamwambia azipeleke Chicago, kwa sababu Jumamosi anarusha ligi kuu. Tulisikia yowe lake hadi dirisha la tiketi.

Verlin alikataa kwenda kumtazama. Jumamosi tulikuwa na mechi yetu. Tukampakia garini kama gunia, nikaendesha kwa muda wa saa nne huku akitoa maagizo ya maji kwa simu. Vijana aliowaachia uwanja walimwagilia mno, mechi ya nyumbani ikachelewa dakika arobaini. Ameshawasamehe, nadhani.

Chicago, zamu ya kwanza Tobin alipeta. Zamu ya pili mpira ukaanza wazimu wa zamani. Wapigaji watatu wakapewa vituo vya bure, vituo vyote vikajaa, na meneja wa timu yake mpya akasimama kuja kumtoa. Hapo Verlin, mtu mpole namna ile, alipanda juu ya kiti akapiga kelele za mguu, mguu, mbele ya watu elfu thelathini na nane. Aliyesikia ni mlinzi peke yake, akaja kumwomba ashuke.

Tobin hakutazama juu. Aliinama, akaliangalia shimo lake, akalifukia kwa kiatu, akachora mstari mdogo pembeni. Meneja akaketi tena. Mipira tisa baadaye wapigaji watatu waliofuata walikuwa wamerudi benchi bila kugusa kitu. Nilirukaruka kama mwehu, nikamkumbatia mlinzi. Nilipogeuka, Verlin alikuwa ameketi, machozi yanamtoka, anacheka.

"Amelifukia mwenyewe," akaniambia. "Basi, naweza kupumzika."

Jumatatu akaleta barua ya kustaafu.

Asante, Verlin, kwa miaka yote uliyopiga magoti ili wengine wasimame vizuri. Tunakuombea afya wewe na mkeo, Bi. Ardis, na furaha tele nyumbani. Na siku ukitukumbuka, njoo upitie mlango wa mbele, kama mtazamaji, uone mechi nzima.