Baba Délice Hajarudi Kuvua

Ukishuka Mulongwe kuelekea ziwa, pale barabara inapoingia mayini na haitoki tena, kuna ubao mmoja umelazwa juu ya matofali. Njo kijiwe chenyewe. Hapo Domitille, ambaye wote wanamwita Mama Délice, anauza kahawa ya tangawizi, na hapo hakuna siri ya Uvira inayolala na njaa. Asubuhi hiyo mume wake, Cyprien, alikuwa amepeleka wageni wawili wa Bukavu kuvua ngege kwenye mayi mafupi, juu ya mtaa ule uliomezwa na ziwa. Zamani alibeba watu kwa pikipiki mtaani humo. Ziwa lilipopanda akaingia kwenye mtumbwi, lakini njia hakuzibadilisha: hapa tunakata avenyu, hapa ni jiko la fulani, tupa ndoano mlangoni, ngege wanapenda kivuli. Alisema atarudi mapema. Sasa jua lilikuwa utosini, na telefone yake haishiki rezo.

— Ni kiboko, akasema Donatien. Jina lake la kijiweni ni Minisita. Ofisini haingii ila kuomba karatasi, lakini anaongea kama anayesubiriwa Kinshasa. — Siku hizi kiboko iko analala mule mu nyumba za batu.

— Kiboko hakulake muntu, akajibu Félicité, muuza mawese, aitwaye Radiyo kwa sababu hazimiki.

— Nimesema anakula? Anageuza mutumbwi tu. Kufa unajifia weye mwenyewe.

Domitille akamimina kahawa nje ya kikombe.

— Ee Mungu! Minye naenda kuangalia.

— Kaa, Mama Délice, akasema Minisita. Tuchunguze kwanza. Utaenda namna gani bila kujua unatafuta nini?

Akakaa.

— Kiboko gani? akasema Radiyo. Minye niliona zile fimbo za wageni. Nyembamba vile, samaki gani atakubali? Ile ni antene. Wanapima mayi. Kesho utasikia mutaa wetu umeuzwa, na shiye tuko hapa na vikombe.

— Nani atanunua mayi? akasema Minisita. Hapana. Wamepita mupaka, wameshikwa ng'ambo, Burundi. Saa hii Cyprien iko anaulizwa karte ya utambulisho.

— Alitoka na kandambili na singleti! akalia Domitille.

— Njo ubaya wenyewe. Watasema ni espion, amekuja kupeleleza. Ma-espion wote wanavaa vile.

Radiyo akasogea, akashusha sauti kidogo, yaani ya kutosha kusikika upande wa pili wa barabara tu.

— Mama Délice, usinikasirikie. Kule Gatumba, ng'ambo ya mupaka, kuna mwanamuke, Consolate, anauza mikate. Iko na mapacha. Wanafanana na Cyprien masikio.

Siku nyingine Domitille angemmwagia kahawa. Leo aliangalia ziwa, jeupe, bila mtumbwi wowote, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akaomba Radiyo awe anasema kweli. Mwanaume mwenye mke wa pili si yuko hai? Hao mapacha na waje. Atawafulia nguo yeye mwenyewe.

— Huyo Consolate, akauliza polepole, iko na roho muzuri?

Radiyo akazimika. Mulongwe haijawahi kuona jambo hilo.

Ndipo nyuma ya matete ikatokea pua ya mtumbwi. Cyprien alikuwa anapiga kasia, wageni wamelowa, wanacheka, ngege wamejaa sakafuni.

— Ulikuwa wapi weye?!

— Kwetu, akajibu Cyprien. Mutumbwi ulipanda juu ya ukuta wa parseli yetu, pale nyumba tuliyoiachia ziwa, ukakwama. Mwezi uliopita nilipita pale juu vizuri! Ziwa limeshuka, Mama Délice. Ukuta wetu unaanza kuonekana.

— Na hukushuka uusukume?

— Mu mayi ya viboko? Tulikaa vile mpaka mutumbwi wa mashini ukapita, wimbi yake ikatubeba.

Domitille akamshika masikio yote mawili, akayavuta, akacheka huku machozi yanashuka.

— Si nilisema atarudi? akasema Minisita.

Wageni, Héritier na mke wake Fanny, wakapewa nafasi kwenye ubao. Wakasimuliwa yote: kiboko, antene, gereza la Burundi. Mikate tu haikutajwa. Fanny akaguswa moyo.

— Kumbe muliteseka hivyo kwa ajili yetu! Asanteni sana. Shiye tulikuwa nyuma ya matete pale tu, tunaita, tunaita. Hata sauti zenu tulizisikia munabishana. Sasa, nani alikuja kututafuta?

Minisita akakohoa. Radiyo akainama kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Domitille akachukua birika haraka ili mgeni ajibiwe kwa kahawa, akaliinamisha, akalitikisa. Likatoa tone moja. Nyingine yote walikuwa wameinywa, asubuhi nzima, kwa wasiwasi.