Mbao za Mgrevilea wa Kilema

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi Filemon Tesha, seremala wa Shirimatunda, hapa Moshi. Amefariki kwa ugonjwa wa kifua akiwa na miaka hamsini na nane. Alizikwa Jumamosi, kwao Kilema. Wengi wenu mnapikia penye makabati yake bila kujua. Na wengine, tuseme ukweli, mliwahi kumkasirikia.

Mlimkasirikia kwa sababu Filemon hakuwa na haraka. Ukimpelekea picha kwenye simu, useme fundi nataka jiko kama hili, hakuitazama. Alikuuliza unapikia gesi au kuni. Bomba lako linavuja? Mbao za paini alizikataa jikoni, alisema bungua huzimaliza kimyakimya. Mninga aliusifu, kisha akakukumbusha uzito wake. Mgrevilea, ule mti wa kivuli cha kahawa, aliupenda sana. Lakini mbao zake zikauke. Zikae kivulini mwaka mzima, zimepangwa na vijiti katikati. Kila ubao aliuandika tarehe kwa penseli, pale kwenye ncha yake, siku ulipopasuliwa. Na kabla ya kuutumia aliuweka shavuni.

"Mbao mbichi zina baridi," alikuwa akisema. "Shavu linajua."

Mwaka mzima, wasikilizaji. Hilo mlishike.

Sasa, Filemon alilelewa na dada yake, Bernadetha. Mama yao alipofariki, Filemon alikuwa na miaka sita, dada kumi na tano. Bernadetha aliacha shule. Alikata majani ya ng'ombe, akauza ndizi sokoni, mdogo wake akamaliza la saba na kujifunza useremala. Kwa hiyo dada akisema neno, Filemon anasimama.

Oktoba 2015 dada akasema. Aliangusha mgrevilea mkubwa kihambani, shamba lake la nyumbani Kilema, akataka makabati ya jiko, na akayataka kabla ya Krismasi. Nanyi mnatujua sisi wa huku na Desemba yetu. Watoto wanapanda kutoka Dar na Mwanza, nyumba zinapakwa rangi, na hakuna anayetaka wakute jiko la mwaka jana.

"Dada, mbao hizi bado zina maji," Filemon alimwambia.

"Zitakaukia ukutani," akajibu Bernadetha. "Watoto wanaingia tarehe ishirini na tatu. Unataka nipange vyombo sakafuni?"

Hilda, mke wa Filemon, anaikumbuka siku hiyo. "Alikaa na ubao shavuni muda mrefu. Nikamwambia, kataa. Akasema, huyu nitamkatalia kwa mdomo gani?"

Akatengeneza. Makabati ya chini, na moja refu la ukutani. Krismasi ilipita vizuri, wageni wakalisifu jiko.

Mbao zikakaukia ukutani, kama dada alivyotaka. Zikasinyaa. Skrubu zikalegea ndani ya matundu yake na hakuna aliyeona. Asubuhi moja ya Februari, Pamela, binti wa mwisho wa Bernadetha, alikuwa anaosha sufuria ya mtori. Kabati likamwangukia na vyombo vyote. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakufika hospitali.

Baada ya mazishi, Filemon alipanda Kilema na tawi la sale mkononi. Kwa mila zetu, mtu akikuletea sale kuomba msamaha, hukatai. Bernadetha alilipokea. Akaliweka mezani.

Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa. Miaka tisa hakumwambia ndugu yake neno. Walisali kanisa moja, wakakaa mabenchi tofauti.

Filemon hakutundika tena kabati ukutani, hata moja. Mteja akija na haraka zake, alimsimulia habari za Pamela bila kujificha. "Nilijua ni mbichi," alisema, "na nikatundika." Wateja wengi waliondoka na hawakurudi. Inauma kusema, lakini alizeeka pale karakanani kabla ya siku zake.

"Wiki yake ya mwisho aliniuliza swali moja tu," anasema Hilda. "Dada amekuja?"

Dada alikuja. Alikuja siku moja baada ya Filemon kukata roho. Alishuka na gari la mizigo, na ndani mlikuwa na mbao. Zilikuwa mbao za mgrevilea uleule, zilizobaki, alizokuwa amezihifadhi juu ya zizi miaka yote hiyo. Kwenye ncha ya kila ubao, penseli ya Filemon ilisomeka bado: Oktoba 2015. Akawaambia mafundi watengeneze jeneza.

Tulimuuliza Bernadetha kwa nini alinyamaza. Hakukwepa.

"Aliniambia ni mbichi. Mimi ndiye niliyemharakisha. Kila nikitaka kumwambia nimekusamehe, naona anayetakiwa kuomba msamaha ni mimi. Nikaona aibu. Lile sale lake nililipanda kwenye kaburi la Pamela. Sasa ni kichaka."

Jumamosi alikata jani kwenye kichaka hicho, akaliweka juu ya jeneza. Kisha akainama, akalaza shavu lake kwenye ubao, kama mdogo wake alivyozoea kufanya. Waliokuwa karibu walimsikia.

"Filemon," alisema, "zimekauka."

Tunampa pole Hilda. Tunampa pole Bernadetha, aliyezika mtoto na sasa amezika ndugu aliyemlea. Pole kwa watu wa Kilema na mafundi wote wa Shirimatunda. Mungu awapumzishe Filemon na Pamela.

Nawe unayetusikiliza, Desemba haiko mbali. Kama unajenga jiko, mwache fundi akaushe mbao zake. Na kama kuna mtu alikuletea sale ukaliacha mezani bila kumjibu, funga redio sasa hivi, uende. Bernadetha alichelewa siku moja tu.