Dada Yetu Sikio, Mwongoza Kwaya Aliyemshuku Kila Mtu

Ndugu, jamaa, majirani na wanakwaya: nimekabidhiwa kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na kwa sababu marehemu mwenyewe alisema wengine wangeongeza chumvi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi saa, na chumba alichofanyia kazi ndicho tulichokuwa tukilia chakula, kwa hiyo tulikua tukisikia saa za watu zikigonga ukutani na mezani. Siku moja, kabla hata hajaanza shule, aliacha kula akamwambia baba kwamba saa ya karibu na dirisha inachechemea. Baba akaisogelea, akakuta kweli imeanza kuchelewa. Hakumsifu. Alimshuku kwamba amepanda kiti akaichezea. Akamfunga kitambaa machoni, akaharibu mwendo wa saa nyingine kwa makusudi, akamuuliza ni ipi. Mtoto akanyoosha kidole bila kusita. Kuanzia hapo baba alimwita Sikio, na mji mzima ukamjua kwa jina hilo.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1962, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni. Huko alijifunza kinanda, na baadaye kodiani, yaani kinanda cha kuvutwa kwa mikono, ambayo aliipenda kwa sababu unaibeba mwenyewe na hakuna wa kukuharibia ukiwa hupo. Katika mtihani wa kuandika nota kwa kusikiliza, alipata zote. Mwalimu aliamini kwamba ameibia. Alifungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, akapigiwa vipande vipya, akaviandika vyote, kisha akaomba samahani na kusema kwamba kinanda cha ofisi kina kitufe kimoja kilicholegea. Shule nzima ilicheka, yeye hakucheka. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba mtu akishukiwa mapema maishani, naye hujifunza kazi hiyo. Tuliomjua tunashuhudia kwamba aliijua barabara.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1976 na kufundisha muziki katika shule ya sekondari hadi alipostaafu. Mwaka 1979 alianzisha kwaya ya watu wazima, washonaji, wauguzi, makarani na wapishi, iliyofanya mazoezi katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Aliwaongoza kwa sindano ya kufumia ya mama yetu. Hakumwamini mtu anayefungua kinywa kikubwa. Alikuwa akishuka jukwaani katikati ya wimbo, anapita kati ya mistari na kusimama kimya karibu na sikio la mtu, na mtu huyo, hata kama alikuwa anaimba vizuri, jasho lilikuwa linamtoka. Akisifiwa baada ya onyesho, aliuliza, "Sehemu gani hasa umeipenda?"

Ndoa yake nayo ilianza kwa shaka. Mkabala na ukumbi palikuwa na kinyozi aliyekuwa na redio, na redio hiyo ilipanda sauti kila mazoezi yalipoanza. Marehemu alivuka barabara kumshtaki kwamba anafanya makusudi. Kinyozi akakana. Marehemu akavuka tena wiki iliyofuata, na nyingine. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, na hapo ndipo shemeji yetu alipokiri mbele ya wageni kwamba alikuwa akifanya makusudi. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Katika nyumba yao marehemu alimwamini mumewe kwa kila jambo, isipokuwa muziki. Alisema hana sikio kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Marehemu alitaka lisomwe lote.

Mwaka 1996 alitunga wimbo wa mvua kwa ajili ya mashindano makubwa ya kwaya. Aliutunga nyumbani, na wanakwaya waliagizwa wasiuimbe hata bafuni. Siku ya mashindano, kwaya ya ng'ambo ya mto ilitangulia kupanda jukwaani, na katikati ya wimbo wao wakaimba kipande chake chenyewe, pale sauti ya pili inapopanda na nyingine zinashuka. Marehemu aliketi kama aliyemwagiwa maji. Zamu ya kwaya yake ilipofika, waamuzi waliinamiana na kutazamana. Walioibiwa ndio walioonekana wezi.

Alirudi ukumbini akitafuta msaliti. Alimhoji kila mmoja peke yake, na mwisho macho yake yakamwangukia rafiki yake wa tangu ujana, mshonaji tuliyemwita Shaba kwa uzito wa sauti yake, kinara wa sauti ya pili. Shaba alikuwa ameonekana mara kadhaa na mwalimu wa kwaya ile nyingine. Alieleza kwamba anamshonea suti. Marehemu akamuuliza suti gani hiyo isiyokwisha.

Shaba alikunja karatasi zake za nota, akaziweka juu ya kiti. "Ukiwa na ushahidi, niite," alisema. "Ukiwa huna, usiniite."

Hakuitwa. Wawili hao waliishi mitaa inayopakana, wakanunua mkate duka moja, wakasalimiana kupitia kwa watoto. Kwaya nayo ilidhoofika, maana kila aliyebaki alikuwa akijiuliza lini zamu yake itafika. Sisi wa nyumbani tulijaribu kusema naye. Alitusikiliza hadi mwisho, halafu akauliza ni nani kati yetu aliyeongea na Shaba.

Ikapita miaka. Jioni moja mwaka 2005 alikuwa ameketi kwenye benchi la kinyozi, akimsubiri mumewe afunge duka. Shemeji alikuwa anamnyoa mteja wa mwisho, na kama kawaida yake akishika wembe, alikuwa anaimbia puani. Alikuwa anaimba wimbo wa mvua. Hakukosea popote. Na mteja yule, kidevu juu, povu mashavuni, akaitikia kwa sauti ya chini.

Marehemu alimuuliza mteja amejifunza wapi wimbo huo.

"Hapa hapa, mama," akajibu. "Zamani nilikuwa naimba ile kwaya ya ng'ambo. Mwalimu wetu alikuwa ananyolewa hapa. Mumeo alikuwa anatuimbia kila tukija."

Shemeji yetu anasema mkono wake ulisimama shavuni mwa yule bwana, akashindwa kuuendeleza. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amejua. Nyumbani alikuwa akisikia kodiani kupitia ukuta, wimbo ukamwingia, ukawa unatoka wenyewe. Ametupa ruhusa ya kulisoma hili. Anasema wateja wake wote wanalijua tayari. Marehemu hakumfokea. Alisema tu, "Kumbe unalo sikio," akatoka.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Shaba. Alimkuta kwenye cherehani, na Shaba hakuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Umekuja kupima nguo?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nani kakutuma?"

"Mume wangu. Ila mwenyewe hajui."

Akamsimulia yote. Shaba alisikiliza akiendelea kushona hadi uzi ukakatika. Kisha akasimama, akachukua futi ya kupimia, akampima mabega, kifua na kiuno, bila kumwangalia usoni. Akamwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa, lakini msamaha utachelewa.

Ulichelewa kweli. Shaba alianza kuja mazoezini kama msikilizaji, akikaa kiti cha nyuma, mikono kifuani, akimchunguza marehemu jinsi marehemu alivyozoea kuwachunguza wengine. Haikujulikana anatafuta nini. Hadi siku moja sauti ya pili ilipotea njia vibaya sana, mara ya kwanza, mara ya pili, na Shaba akashindwa kuvumilia. Aliinuka, akasimama kwenye mstari, akaimba. Marehemu hakusimamisha wimbo. Hakupita tena katikati ya mistari tangu siku hiyo, ingawa wanakwaya wanasema walikaa muda mrefu wakisubiri apite.

Alianza kuugua mwishoni mwa mwaka 2022. Alipolazwa, daktari alituita kwenye korido ya wodi, akatueleza kwamba ni saratani ya ini na kwamba imesambaa. Tukakubaliana tusimwambie kwanza. Tuliporudi chumbani na nyuso tulizojitengenezea, alimshika binti yake mkono.

"Niambie daktari kasema nini," alimwambia. "Mimi nimeshasikia. Nataka kujua kama wewe utanidanganya."

Binti yake akamwambia ukweli. Marehemu akasema sasa anaweza kulala. Kuanzia hapo aliuliza kila dawa jina lake na kazi yake, na akaniagiza nimsomee wasifu huu angali hai. Niliandika kwamba alikuwa mpole. Akaniambia nifute. Nimefuta.

Wiki zake za mwisho alizitumia nyumbani, na Shaba alikuja kila alasiri na kazi yake ya kushona kwa mkono. Siku moja kabla hajatutoka, mimi nikiwepo, marehemu alimuuliza, "Hivi ulinisamehe kweli, au unanionea huruma kwa kuwa naumwa?"

Shaba aliendelea kupitisha sindano.

"Nilikusamehe siku ile sauti ya pili ilipopotea," akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nakushonea nguo tu."

Marehemu alimkazia macho na kuinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya akitafuta sauti moja ya uongo kati ya nyingi. Kisha akalaza kichwa kwenye mto.

Alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2023, alasiri, mumewe na watoto wake wakiwa karibu naye.

Ameacha mume, kinyozi wetu. Binti yake, ambaye ni muuguzi. Mwanawe, fundi umeme, pamoja na mkewe. Wajukuu watatu, mmoja wao akipiga kodiani kwa fujo. Kaka yetu mkubwa, dada zetu wawili na mimi. Wanakwaya wa ukumbi wa reli. Na rafiki yake Shaba.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna anayekuficha kitu.