Maua Aliyoyachuma Letisia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bibi Letisia Tluway, mzaliwa wa Tlawi, aliyefariki wiki iliyopita kule Hanang. Letisia alipenda maua. Na Letisia huyohuyo alikataza ua lolote lisiwekwe kaburini kwake.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, mumewe Patriki alikuwa dereva wa trekta. Ngano kulia, ngano kushoto. Ukitaka kuona ua, uende kwenye kipande cha pori kilichobaki, nacho kilipangwa kulimwa Jumatatu.

Jumamosi Letisia akaingia porini na kikapu. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Ekaristi, na watoto walihitaji maua ya kumwaga mbele ya maandamano. Alitembea taratibu, maana alikuwa mtu wa kuchungulia. Aliinama kumtazama vunjajungu akijisafisha miguu. Akafuata vipepeo weupe hadi kwenye kilima kidogo cha udongo, kimejaa maua ya njano na zambarau, nyuki wanavuma. Akapanda. Akaketi juu yake, akachuma huku anaimba.

Akatokea mzee wa Kibarbaig, Gidahosh.

"Shikamoo mzee," Letisia akamwamkia, bado ameketi.

"Marahaba, mama. Hapo ulipokaa ni kaburi la baba yangu."

Letisia aliruka chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee hakumgombeza. Alisema tu, "Mumeo ndiye dereva. Mwambie trekta ipite pembeni."

Nyumbani Patriki akauliza, "Maua mazuri hivi umeyatoa wapi?"

"Huko njiani tu, Baba Benedikta."

Angesema nini? Kwamba alikalia kaburi la mtu akiimba? Aibu ilimfunga mdomo. Jumapili maua yakamwagwa mbele ya Ekaristi, wanawake wakamsifu, na kila sifa ilimchoma. Akajiambia atasema asubuhi.

Asubuhi alikuta Patriki ameshatoka. Akakimbia. Pori halikuwepo. Kilima hakikuwepo. Hapo ndipo akamweleza mumewe yote.

"Mimi nilidhani kichuguu," Patriki alisema kutoka juu ya trekta. "Ungeniambia, mke wangu, ningekizunguka."

Letisia hakuchuma ua tena. Binti yake, Benedikta, anasema: "Mama akimwona mzee Gidahosh mnadani Katesh, alikuwa anajificha nyuma ya watu. Mpaka mzee akafa."

Wasikilizaji wapendwa, kwenye mazishi alikuja Gidamis, mtoto wa Gidahosh, kwa miguu kutoka Balangdalalu. Hakusogelea kaburi. Alisimama kando, akawaambia wafiwa: "Baba alimsubiri huyu mama aje waongee. Hakuja. Basi nimekuja mimi."

Benedikta na ukoo wote wa Tluway, poleni sana. Mungu amlaze mama mahali pema.

Nasi tulio hai tujiulize: kuna mtu anatusubiri, na aibu imetushika miguu? Kama yupo, twende leo, angali hai.