Dakika Sita za Arsène

Karibu na gare, stesheni ya treni ya Kindu mashariki mwa Kongo, kuna traverse moja ya zamani, lile gogo zito la kulazia reli, ambalo watu walilivuta pembeni na kulifanya benchi. Vijiwe vingine vya mji huitwa parlement debout, bunge la kusimama, kwa sababu watu hubishana wamesimama. Hawa wa kwenye gogo wanajiita bunge la kukaa, maana kahawa ya tangawizi ya Mama Aïcha ni ya moto mno, huwezi kuinywa huku unarusha mikono. Jumamosi hiyo Direktere Onema alifika kabla ya wenzake, simu mkononi, akakaa bila kuagiza kitu. Hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Aïcha wasiwasi.

— Direktere, uko mugonjwa?

— Hapana. Nimetoa Arsène mu grupu.

— Arsène gani?

— Ule wa Kalima, muchimbaji wa kasiterite, ile mawe ya bati.

Mzee Onema alikuwa mkuu wa shule hadi alipostaafu, na wanafunzi wa siku hizi amewahamishia kwenye simu. Anaongoza grupu la WhatsApp liitwalo Tushikane, la watu ambao miaka ya vita iliwachukulia wazazi, watoto, au usingizi. Wako zaidi ya mia, wa Kindu, Kibombo, Pangi na Kalima. Kanuni ni tatu: hatuulizani kabila, hatutaji chama, hatutukani. Jana mchana Arsène alivunja ya tatu, Onema akamtoa. Tangu hapo simu ya Arsène haipatikani, na mzee wa watu hajapata raha.

Rémy alikuja akiwa ameshika redio. Kijiweni wanamwita Konstitusyo, kwa kuwa hana habari isiyo na kifungu cha sheria. Nyuma yake alikuja Bulaimu, fundi wa simu, ambaye jina lake la pale ni Réseau, yaani mtandao. Walipoelezwa kisa, wote wawili waliona wamezaliwa kwa ajili yake.

— Ulifanya muzuri! alisema Rémy. Sheria ni sheria. Grupu ya kufariji watu haiwezi kuwa soko ya matusi.

— Soko gani? Bulaimu akadakia. Muntu iko na maumivu, unataka aongee sawa muhubiri? Acha atukane!

— Atukane nani? Kuna wamama mule ndani! Kuna pasta, kuna imamu!

— Na wao watukane!

Onema hakucheka. Alijua kwa nini aliweka kanuni ile. Wakati mji ulipozingirwa, askari wa kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, walikuwa hawaanzi na fimbo. Walianza na tusi. Yeye mwenyewe waliwahi kumtukana mbele ya wanafunzi wake wa darasa la sita, na alipoinamisha kichwa ndipo teke lilipokuja. Tangu siku hiyo, akisikia tusi, mgongo wake unasubiri teke. Alitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo neno la namna hiyo haliingii.

Paul alisimamisha pikipiki, akashuka injini ikiwa bado inanguruma. Ni motard, dereva wa pikipiki ya abiria, anaitwa Sans-Frein, yaani Bila-Breki, na breki anazo ila hazipendi.

— Miye bila kutukana siwezi kufika hata Alunguli, alisema. Nikikuta shimo, naitukana. Unajua shimo ikitukanwa inapungua?

— Inapungua namna gani? aliuliza Bulaimu.

— Inapungua! Ile ya kwa daraja nimeitukana mwaka muzima, leo unapita bila kuruka.

— Waliimwagia changarawe, Paul.

— Na nani aliwasikiza? Matusi yangu!

Rémy alisafisha koo. Alipendekeza itungwe kamati ya watu saba, iorodheshe matusi yote ya jimbo la Maniema, iyapange kwa daraja. Madogo yaruhusiwe kila siku, ya kati siku ya Alhamisi, makubwa kwa barua yenye sahihi mbili.

— Na lile la mama? aliuliza Paul.

— Lile, kwa referendum.

Bulaimu alikataa katakata. Alisema hatari haiko kwa wamama wala kwa pasta, iko juu angani. Kule kwa wenye mitambo kuna mashine inayosikiliza Kindu, inahesabu matusi, na kila yakifika mia wanapunguza réseau.

— Njo maana Kibombo wanashika réseau ya muzuri, alisema. Watu ya Kibombo iko na adabu.

— Hujafika Kibombo siku ya kuuza mupunga, weye! alisema Paul.

Mama Aïcha aliweka birika chini. Alisema wanaume hawa wanajua maneno mengi na kitu hawajui.

— Miye nilizalaka batoto sita. Mule maternité, nilitukana bwana yangu, nikatukana baba yake, nikatukana hata kitanda. Infirmière alinifukuza? Aliniambia: "Sukuma, mama." Muntu mwenye kuumia hamumutoaki inje.

Hapo Onema aliweka simu gotini. Aliwaambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo alikuwa hajalisema. Miaka miwili Arsène alikuwa kwenye grupu bila kutoa neno, anatuma kidole gumba tu. Wiki iliyopita aliandika mstari mmoja: "Wandugu, nimechoka na kuishi." Watu walimpigia, hakushika. Jana ndipo akatuma odio ya dakika sita, ya kwanza maishani mwake.

— Na sasa simu imefungwa, alisema Onema. Naogopa atajifanyia mubaya. Naogopa sana.

Kamati ya Rémy ikafa papo hapo. Paul alizima injini.

Mwanamke mmoja mwenye kapu la chikwangue, mikate ya muhogo, alikuwa amesimama kando, anasikiliza. Alisalimia, akapiga goti kidogo mbele ya Onema.

— Direktere, ni miye Sifa. Sifa wa Pangi, wa mu grupu. Nimefika jana kwa ndugu yangu. Niliona umefuta odio ya Arsène kabla sijaifungua. Naweza kuuliza?

— Uliza, mwanangu.

— Ile tusi ilikuwa yake, ao alikuwa anaelezea tusi ya mwengine?

Rémy alimtazama Bulaimu, Bulaimu akatazama simu yake, ambayo haikuwa na odio hiyo, wala simu nyingine yoyote haikuwa nayo.

— Aliendelea kusema nini? Sifa aliuliza tena. Dakika sita si tusi moja.

— Sijui, alisema Onema.

Alikuwa kanisani jana, wamama wa koro, ile kwaya, wanafanya mazoezi. Sikio lake la kushoto ni zito, kwa hiyo simu huifungulia sauti yote. Alipobonyeza, lile neno liliruka mpaka kwa wamama, wimbo ukakatika, macho yote yakawa kwake. Alifuta odio na kumtoa Arsène kabla hajapumua. Hakusikia hata nusu dakika.

— Lakini kabla ya tusi kulikuwa maneno, alisema sasa. Yanarudi. Alisema: "Pale bariere mama alikuwa nyuma yangu. Askari wakaniambia, muangalie machoni, mwambie…" Njo ile tusi ikafuata.

Sifa alifunika mdomo kwa kitenge. Mama Aïcha alikaa chini kwenye udongo, birika likiwa bado mkononi mwake.

Onema alipiga namba ile tena. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa Kifaransa kwamba anayemtafuta hapatikani. Akasimama, akavuta shati lake liingie vizuri kwenye suruali, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuingia darasani.

— Paul, barabara ya Kalima inapitika?

— Mubaya, Direktere, lakini tutapita. Mangaribi tuko kule.

— Twende.

Paul alimpa kofia ngumu, akamsaidia kufunga kamba chini ya kidevu. Akawasha pikipiki, kisha akageuza kichwa.

— Na kama tukimukuta na akakutukana weye?

— Tumukute kwanza, alisema Onema. Atukane.