Cherehani Iliyonyamaza

Benchi la mtaa wa Biryogo limeegemezwa ukutani kwa duka la vitenge, na wenye benchi wana kazi moja tu ya uhakika: kuwajua watu wasiowajua. Jioni hiyo ya mwaka 1984 hawakuanza kwa kubishana bei, jambo ambalo Swafiya muuza kahawa hakuwahi kuliona. Cherehani ya Niyonzima, fundi aliyehamia baraza ya jirani kutoka Gahanga, ilikuwa imefunikwa kitambaa. Asubuhi gari jeupe lilisimama hapo, watu wawili wakamwita kwa jina, akaondoka nao futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Kalisa, anayeitwa Redio kwa sababu haachani na redio yake hata akienda msalani, aliweka kikombe chini. Ni yeye aliyeanza kusema kwamba fundi yule ni maneko, mpelelezi wa serikali. Sasa serikali imkamate mtu wake yenyewe?

— Hawakumukamata, alisema Sibomana, ambaye zamani alilinda mlango wa mahakama akabaki na jina la Porokireri, yaani mwendesha mashtaka. Wamemupeleka kutoa ripoti.

— Na pingu je? aliuliza Swafiya.

— Pingu iko ya kutudanganya sisi.

— Yewe! Niliona na macho yangu, mutu analia!

— Maneko anafundishwa kulia, sha. Iko na shule yake.

Nzeyimana akasogea mbele. Alifika Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mara moja ujanani, na mpaka leo hajamaliza kusimulia, ndiyo maana wanamwita Bukavu.

— Munasahau pasi. Ile pasi ya makaa, nani aliona moshi yake? Ndani iko mashine ya kushika sauti. Kule Bukavu niliiona.

— Na vipimo! Porokireri alijipiga paja. Alinipima kiuno, wiki haikuisha nyumbakumi ananiambia nimekonda. Nani alimuambia?

— Umekonda, alisema Swafiya. Hata mimi naona.

— Vifungo, alinong'ona Bukavu. Vifungo vinasikia.

Akalitazama koti lake. Niyonzima ndiye aliyelishona. Akang'oa kifungo kimoja, akakitupa mtaroni, kisha na vingine vyote. Hakuna aliyecheka, na Kalisa, aibu yake, alipapasa kola ya shati lake.

— Lakini ushahidi mukubwa iko ule Redio alituletea, alisema Porokireri. Sisi tukianza kuongea jioni, cherehani inanyamaza. Kila siku! Kama hasikilizi, anasimamisha kwa nini?

Kalisa akatikisa kichwa kukubali.

Hapo akatokea Mukabalisa, mke wa fundi, miguu imejaa vumbi. Alisimama mbele yao bila kukaribishwa.

— Mwiriwe, bazee.

— Mwiriwe, mama.

— Natoka ofisini kwa wale walimuchukua. Niliuliza bwana wangu amekosa nini. Wakasema mutaa muzima unajua Niyonzima iko mpelelezi.

— Si tulisema! alidakia Bukavu.

— Lakini wao hawamujui. Wametafuta kati ya watu wao, hayuko. Sasa wanauliza, kama si wetu, anapelelezea nani? Kesho wanamupeleka gereza la mbali.

Kalisa akapunguza sauti ya redio. Alipoyasema alikuwa akipitisha jioni tu! Maneno yake yalitoka benchini, yakapanda mlima hadi ofisini bila yeye, yakarudi na gari.

— Kama muliona kitu, muniambie nimujue mume wangu. Nani aliona?

— Watu wanasema... alianza Porokireri.

— Watu gani?

Porokireri akamgeukia Bukavu, Bukavu akamgeukia Kalisa.

— Jambo moja waliniuliza, nikashindwa kujibu, alisema Mukabalisa. Mukiongea, kwa nini alikuwa anasimamisha mashine?

Redio ya Kalisa ikapiga muziki wa kufungua habari za Kiswahili. Kalisa akaongeza sauti na, bila kufikiri, akainua kiganja kuelekea baraza ya fundi, kama afanyavyo kila jioni: ngoja kwanza, habari. Tangu Niyonzima ahamie, kelele za cherehani zilikuwa zikimharibia habari, na fundi kwa heshima alitii kila mara. Kiganja kikabaki hewani, kikiielekea cherehani iliyofunikwa.

— Mana yanjye! Swafiya alishika mdomo. Kalisa, ni wewe ulikuwa unamusimamisha!

Kalisa alitaka kubisha, lakini mkono ulikuwa wake.

— Basi twende ukawaambie, alisema Mukabalisa.

— Twende wote, alisema Kalisa. Sote tuliongea.

Porokireri akakumbuka kwamba hajaswali. Bukavu alikuwa ameinama mtaroni akitafuta vifungo vyake. Swafiya akainamisha birika, halikutoa hata tone.

Kalisa akasimama. Akamnyooshea Porokireri redio amtunzie. Porokireri akaficha mikono nyuma.

— Weka hapo.

Akaiweka benchini ikiendelea kusoma habari, akamfuata yule mwanamke. Waliobaki wakasogea mbali nayo, isije ikawasikia.